Unataka kuvaa kikauboi? Anzia miguuni, kofia itangoja

Ukitoka Dandora Phase 4 mchana kweupe na kofia pana ya kikauboi kichwani, jua utaitwa. Mtu wa boda atakuita "sherifu", na watoto watataka kujua farasi umemfunga wapi. Hayo yasikutishe. Kinachofaa kukutia wasiwasi ni kumaliza pesa za kodi kwa vazi ambalo halijakukaa, halafu ufike kwenye shoo uonekane kama mtu aliyekodiwa kutangaza nyama choma.

Tunazungumzia hili kwa sababu kantri imerudi kwa vijana. Nairobi haikuwahi kuusahau muziki huo. Wazazi wako walikua wakimsikiliza Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams, na waimbaji wengi wa mugithi hadi leo hupanda jukwaani na gitaa moja na kofia ya kikauboi. Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, amejenga jina lake lote kwa kuimba kantri hapa hapa Kenya. Kisha 2024 Beyoncé akatoa Cowboy Carter, na Februari 2025 akabeba tuzo za Grammy za albamu bora ya mwaka na albamu bora ya kantri. Ghafla hata wale waliokuwa wakicheka nyimbo za baba wanatafuta buti.

Julai nayo ina Siku ya Makauboi, ambayo mashabiki wa Nairobi wamekuwa wakiiadhimisha kwa muziki na densi ya kupanga mistari. Ukienda huko utagundua kwamba hata pasipokuwa na jaji, kila mtu anampigia mwenzake hesabu kuanzia kofia hadi soli.

Kwani hizi si nguo za wazungu?

Utaulizwa swali hili, kwa hivyo uwe na jibu. Kazi ya kuchunga ng'ombe kwa farasi ilifika Marekani kupitia vaquero wa Mexico, na vitu vingi vya kauboi, kuanzia kamba hadi zile ngozi za kufunika miguu, vilitoka kwao. Wanahistoria pia hukadiria kwamba katika miaka ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, karibu kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi. Bill Pickett, aliyezaliwa Texas 1870, ndiye aliyepata umaarufu kwa mchezo wa kuruka kutoka juu ya farasi na kumwangusha fahali kwa kumshika pembe. Tangu 1984 kuna mashindano ya rodeo ya makauboi Weusi yenye jina lake. Sinema ndizo zilizomtoa kwenye picha.

Isitoshe, Dandora inajua kuazima. Vijana wa Kalamashaka walipoanza kurap miaka ya tisini, zile jinzi pana na buti nzito zilikuwa za New York. Waliweka Kiswahili na Sheng ya mtaa ndani yake, na leo hakuna anayeuliza kama hip hop ni yetu.

Kila kipande kina kazi yake

Huko Marekani kuna mashindano ya farasi ya mtindo wa western, na mavazi yake yana masharti. Kwa chama cha farasi wa aina ya Quarter Horse, kwa mfano, mshiriki anatakiwa awe na kofia ya western au helmeti, shati la mikono mirefu lenye kola, na buti za kikauboi. Washindani wazoefu huchagua rangi inayopatana na farasi, hupiga jinzi pasi hadi isimame, na hawaweki mapambo yanayomfanya jaji asahau kuangalia farasi.

Hapa kwetu usitarajie kuyaona hayo kwa wapanda farasi. Kenya ilirithi mtindo wa Kiingereza. Nenda Ngong Racecourse siku ya mbio na utaona joki na shati jepesi lenye rangi za mwenye farasi, suruali nyeupe ya kubana, buti ndefu na helmeti. Wanaoruka viunzi huvaa koti lililoshonwa vizuri. Kwa hivyo vazi la western Nairobi lina uwanja wake, nao ni wa densi. Lakini sheria za kulichagua ni zile zile za farasi, kwa sababu farasi ndiye aliyelibuni.

Chukua buti. Kisigino chake kirefu kilichoinama kinazuia mguu usipenye kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Ncha nyembamba inasaidia mguu kuingia haraka. Shingo ndefu inazuia mguu kusuguliwa na ngozi ya tandiko. Chukua shati lenye vifungo vya kubofya, vile vinavyolia "tak". Vinafunguka vyenyewe shati likinaswa, badala ya kukuning'iniza. Ukijua kazi ya kitu, muuzaji hawezi kukuuzia cha maonyesho kwa bei ya cha kweli.

Buti kwanza

Doo yako nyingi iende hapa. Gikomba na soko la Korogocho hapo ng'ambo ya mto ndizo sehemu za kuanzia, kwa sababu mitumba kutoka Marekani na Canada huja na buti za kweli. Fika asubuhi na mapema bale zinapofunguliwa. Vitu vya kwanza, zile kamera, huchukuliwa na wenye stalls za tao, na ukichelewa utavinunua huko huko tao kwa bei ya juu.

Ukiipata, ikunje soli. Ikipasuka au gundi ikiachia, irudishe. Angalia pale vidole vinapokunjika: ngozi huweka mikunjo, rekisini huweka nyufa na kuanza kubanduka. Ingiza mkono ndani uhisi kama kuna msumari. Ivae na soksi ndefu na utembee. Inafaa ikushike vizuri juu ya mguu, na kisigino chako kinaweza kupanda kidogo ikiwa bado ngumu. Vidole vikibanwa, iache hata kama ni nzuri kiasi gani. Utacheza saa nne na viatu hivyo. Kisigino kilicholiwa upande mmoja kisikukatishe tamaa, fundi wa viatu mtaani atakibadilisha.

Jinzi, shati na mshipi

Jinzi ya buti haibani chini. Tafuta iliyonyooka au inayopanuka kidogo, na uinunue ikiwa ndefu kuliko kawaida yako. Wapanda farasi hufanya hivyo kwa sababu ukikaa, suruali hupanda. Ikiwa fupi, shingo ya buti itachungulia. Rangi ya buluu iliyokolea, isiyo na matobo, hukaa kama mpya hata ikiwa ya mtumba. Kiuno kikiwa kipana mpelekee fundi wa cherehani. Kisha iloweke kwenye wanga, kama mama alivyofanya na yunifomu yako, na upige pasi mstari katikati.

Shati liwe la mikono mirefu, na mabega yakae mahali pa mabega. Kwa wadada, si lazima nyuzi za kuning'inia kila mahali. Dera la jinzi au sketi ndefu na buti inatosha. Mshipi wa ngozi utaupata Kariokor, ambako mafundi watakukatia kwa kipimo chako. Kuhusu ile bizimu kubwa ya mbele, kumbuka kwamba kwenye rodeo hutolewa kama kombe, mtu huivaa kwa kuwa ameishinda. Ndogo itakutosha.

Kofia ni ya mwisho

Wengi huanza nayo na ndipo huharibu. Kofia ikukae kama upana wa vidole viwili juu ya masikio, isianguke ukiinama. Ikiwa kubwa, weka kipande cha sponji ndani ya ule ukanda wa jasho. Ya sufi ngumu inafaa baridi ya Julai, ya majani inafaa jua la Januari. Ukingo uliopinda vibaya kwenye bale unatengenezeka: ushikilie juu ya mvuke wa sufuria, uukunje taratibu kwa mkono, uuache upoe. Ukifika nyumbani ilaze kichwa chini, la sivyo ukingo utalala. Ndani ya matatu ipakate mapajani. Kondakta akishajaza gari hana huruma na kofia ya mtu.

Pesa, na farasi wa kweli

Tuseme una Sh3,000. Nusu au zaidi iwe ya buti, kinachobaki kigawe kati ya fundi, shati na kofia. Jinzi pengine unayo. Usichukue Fuliza kwa sababu ya kofia. Shoo ni ya siku moja, lakini deni litakuamsha Jumatatu. Kama mko wasee wanne, nunueni kofia mbili na mzivae kwa zamu. Na kwa kuwa shoo huisha usiku, pangeni mapema mtakavyorudi mtaani, mkiwa pamoja.

Jambo la mwisho ndilo zito. Vazi hili likikutia hamu hadi ukaenda kupanda farasi kwelikweli, kofia iache kwenye gari. Haizuii kichwa kupasuka. Omba helmeti na uhakikishe imefungwa kidevuni. Raba pana zisizo na kisigino nazo ziache, kwa sababu mguu ukipenya kwenye kikuku na farasi ashtuke, atakuburura. Zile buti ulizozitafuta Gikomba tangu alfajiri ndizo za kuvaa siku hiyo. Zikague kisigino usiku uliotangulia, na kama kimelegea, mpitie fundi kwanza.