Hospitali Haijengwi kwa Mawe Peke Yake

Katika sehemu nyingi za nchi yetu ya Kenya msafiri aweza kuona nyumba nzuri ya mawe, yenye paa la mabati na milango iliyopakwa rangi, na ukutani pameandikwa kwamba ni zahanati. Lakini mlango una kufuli, na nyasi zimeota mpaka kizingitini. Ukiwauliza wenyeji watakuambia kwamba waliijenga wenyewe kwa harambee: huyu alitoa fedha za kahawa, yule aliuza mbuzi, na akina mama walibeba mchanga kutoka mtoni. Nyumba ikaisha, ngoma zikapigwa, lakini hakuja daktari, wala muuguzi, wala dawa. Na usiku mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, hupitishwa mbele ya mlango ule ule akipelekwa mbali.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1960 na ya 1970, baada ya Uhuru, watu walijenga zahanati za harambee upesi kuliko Serikali ilivyoweza kupata wafanya kazi wa kuwaweka ndani yake. Na tangu mwaka wa 2003, fedha za CDF zilipoanza kutolewa, kosa lilo hilo limerudiwa mahali pengi. Watu hawakukosa bidii wala ukarimu. Walikosa kuuliza kwanza. Basi twapenda kueleza hapa maswali yapasayo kuulizwa, na milango ipasayo kubishwa, kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

NI HOSPITALI YA NAMNA GANI?

Mkulima hapandi mbegu asiyoijua. Vivyo hivyo kamati ya hospitali haina budi kujua inataka kuzaa kitu gani. Hapa Kenya huduma za afya zimepangwa kwa ngazi sita. Ngazi ya 1 ni huduma itolewayo nyumbani na kijijini. Ya 2 ni zahanati. Ya 3 ni kituo cha afya. Ya 4 na ya 5 ni hospitali za kaunti. Na ya 6 ni hospitali kuu za taifa, kama ile ya Kenyatta mjini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret. Kila ngazi ina vyumba vyake, vyombo vyake, na idadi ya wafanya kazi wake. Mwenye kutaka chumba cha kupasulia wagonjwa hawezi kukitumia bila daktari, mtaalamu wa kutia usingizi, damu ya akiba, na umeme usiokatika.

Tena mtu asione haya kuanza na kidogo. Hospitali ya Kenyatta yenyewe ilianza mwaka wa 1901 ikiwa na vitanda 40 tu.

Swali la pili ndilo lililowashinda wengi: nani atakayelipa mishahara? Kwa Katiba ya mwaka wa 2010, zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ni kazi ya serikali za kaunti. Kwa hiyo, kama wananchi wanatarajia kwamba kaunti itawapa wauguzi na dawa, mlango wa kwanza wa kubisha ni ofisi ya afya ya kaunti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na zaidi ya hayo kaunti hufuata mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Jengo lisilotajwa katika mipango hiyo ni kama mtoto asiyehesabiwa chakula kinapogawanywa. Ahadi ya mkubwa katika mkutano wa hadhara haitoshi. Kamati na iombe barua.

SHAMBA NA RAMANI

Tuseme mzee mmoja ametoa ekari moja kwa neno la kinywa mbele ya watu wote. Neno la mzee lina heshima, lakini mzee hufa, na wanawe huenda wakasema kwamba hawakusikia. Shamba lazima lipimwe na kuandikwa kwa jina la wadhamini wa hospitali. Kama ni ardhi ya kilimo, Bodi ya Ardhi haina budi kutoa idhini, kwa Sheria ya mwaka wa 1967, na maombi yapasa kupelekwa kabla ya miezi sita kupita tangu siku ya mapatano. Bila idhini ile mapatano huwa bure.

Baada ya hayo hutafutwa ruhusa ya kaunti ya kubadili matumizi ya shamba, kutoka kilimo mpaka hospitali, kama ilivyoagizwa na Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka wa 2019. Ndipo ramani za nyumba zichorwe na msanifu na mhandisi waliosajiliwa, wala si fundi wa kijijini aliyejenga duka la jirani, ijapokuwa mkono wake ni mwema. Mlango wa hospitali wapasa kupitisha kitanda chenye magurudumu. Maji machafu yasielekee kisimani. Mwenye kifua kikuu asikae kwenye ukumbi mmoja na watoto wachanga. Mambo hayo hutazamwa na afisa wa afya ya umma, ambaye nguvu zake zatokana na Sheria ya Afya ya Umma, iliyotungwa tangu mwaka wa 1921. Mjenzi naye lazima awe ameandikishwa na Mamlaka ya Ujenzi, na kazi yenyewe iandikishwe.

TAKA NA MIALE

Wengine hunung'unika wanapoambiwa waende kwa NEMA. Husema, "Sisi twajenga hospitali, hatujengi kiwanda." Lakini hebu fikiri, msomaji: sindano zilizotumika, pamba zenye damu, dawa zilizoharibika, zitakwenda wapi? Zikitupwa shimoni karibu na mto, watoto watazichezea na ng'ombe watakunywa sumu yake. Kwa sababu hiyo mtaalamu aliyesajiliwa huandika taarifa juu ya mazingira, na leseni hutolewa kabla ya kazi kuanza. Hospitali hutenga taka kwa rangi: nyeusi kwa takataka za kawaida, manjano kwa zile ziwezazo kuambukiza, nyekundu kwa zile za hatari zaidi. Sindano huwekwa katika sanduku lake, lisilotoboka.

Na kama kutakuwa na mashine ya eksirei, chumba chake chahitaji kuta nene au zilizotiwa risasi, kwa maana miale ile haionekani wala haina harufu, nayo hudhuru. Mamlaka ya kusimamia nyuklia hutoa leseni yake mbali. Ni rahisi kuujenga ukuta ule mara moja kuliko kuubomoa na kuujenga tena.

LESENI YA KUFUNGUA

Nyumba ikiisha, kazi haijaisha. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno hutuma wakaguzi wake, nao hutazama vyumba, vyombo, na vyeti vya wafanya kazi, kisha husema hospitali ni ya ngazi gani. Duka la dawa hutazamwa na Bodi ya Madawa na Sumu. Maabara yana bodi yake. Wauguzi na maafisa wa kliniki nao wana mabaraza yao. Leseni ya kuendesha hospitali hufanywa upya kila mwaka.

Faida ya leseni si kuning'inizwa ukutani tu. Tangu Oktoba 2024 mfuko wa SHA umechukua mahali pa NHIF, nao haulipi matibabu kwa hospitali isiyo na leseni wala mapatano nao. Basi mwananchi atozwaye fedha za afya kila mwezi atakuta kwamba kadi yake haimfai kitu katika hospitali aliyoijenga kwa jasho lake mwenyewe.

KARANI WA KAMATI

Katika kazi hii yote mtu wa maana sana ni karani wa kamati. Mwenyekiti hunena na mweka hazina hushika fedha, lakini karani ndiye ajuaye barua iliandikwa lini, ilijibiwa na nani, na stakabadhi iko wapi. Na awe na faili moja kwa kila ruhusa, aandike tarehe ya kwisha kwake, na kuweka nakala mahali pengine. Mtu yeyote akiomba fedha bila kutoa stakabadhi, zisitolewe.

Twajua kwamba safari ya ofisini huchosha kuliko kubeba mawe, na maafisa wengine wanawachelewesha watu pasipo sababu. Hilo ni kosa, na yapasa lisemwe. Lakini ruhusa hizi ni maswali ambayo mgonjwa angeuliza kama angekuwa na nguvu: Je, maji haya ni safi? Huyu anidungaye sindano amesoma? Dawa hii ni ya kweli? Kamati iliyokwisha kuyajibu kwa maandishi itafungua mlango, na mama yule mwenye uchungu hatapitishwa tena usiku. Haraka haraka haina baraka.