Mwamuzi wa sataranji: Bila ripoti yake ushindi wa Lodwar haufiki mbali

KIJANA wa Kanamkemer akimshinda mwenzake katika sataranji Jumamosi alasiri, mtaa mzima waweza kupata habari kabla ya jua kutua. Lakini ili ushindi huo utambuliwe Nairobi, na hatimaye uingie katika kumbukumbu za Shirikisho la Sataranji Duniani (FIDE) mjini Lausanne, Uswisi, sharti awepo ukumbini mtu ambaye hakusogeza kete hata moja. Mtu huyo ni mwamuzi.

Wengi humdhania kuwa mzee wa kutuliza ugomvi tu. Ukweli ni kwamba katika mashindano ya wikendi yeye ndiye mtunza sheria, mtunza saa na mtunza daftari. Na kwa mji ulio mbali kama Lodwar, kazi hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ngazi ya kwanza katika kazi hii ni Mwamuzi wa Taifa. Cheo hicho hutokana na shirikisho la nchi husika, ambalo nchini humu ni Chess Kenya. Hata hivyo, jina la mwamuzi haliwezi kuandikwa katika ripoti ya mashindano yanayohesabiwa kimataifa iwapo hana leseni ya FIDE.

Anayetaka kupanda hadi Mwamuzi wa FIDE hana budi kuhudhuria semina, kupata angalau asilimia 80 katika mtihani wake na kukusanya ithibati za kazi aliyoifanya katika mashindano. Juu ya cheo hicho yupo Mwamuzi wa Kimataifa.

Kazi huanza kabla ya mchezo

Mashindano yakitarajiwa kuhesabiwa, sharti yasajiliwe mapema kupitia shirikisho la nchi. Siku yenyewe inapowadia, mwamuzi hukagua ukumbi, nafasi kati ya meza, mwanga, utulivu na saa za mchezo. Sheria zinamtaka ahakikishe kwamba wachezaji wako mahali panapofaa kuchezea. Katika Turkana, ambako joto hupita nyuzi 35 mara nyingi, agizo hilo humlazimu kufikiria kivuli, upepo na maji ya kunywa.

Baadaye hupanga nani atacheza na nani. Mashindano mengi ya wikendi hutumia mfumo wa Uswisi, uliotumiwa kwanza mjini Zurich mwaka wa 1895. Katika mfumo huu hakuna anayetolewa kwa kushindwa. Wenye pointi sawa au zinazokaribiana hukutanishwa, hakuna wawili wanaokutana mara mbili, na kila mchezaji hupewa zamu zinazolingana za kete nyeupe na nyeusi kadiri iwezekanavyo.

Faida ya mfumo huo ni kwamba watu 40 au zaidi wanaweza kupata mshindi kwa raundi chache tu, Jumamosi na Jumapili. Ubaya wake ni kwamba tokeo moja likiandikwa kimakosa, jozi za raundi inayofuata huharibika. Ndiyo maana mwamuzi makini hamwachii mchezaji kazi ya kumpelekea matokeo kwa mdomo.

Saa na mkono

Mchezo unapoendelea, mashauri mengi humjia kutokana na mambo mawili: mkono na saa. Mchezaji akigusa kete yake kwa kukusudia, sharti aisogeze ikiwa sheria zinaruhusu. Anayetaka kuiweka sawa tu hutangaza nia hiyo kwanza.

Katika michezo ya haraka, ambapo kila mchezaji ana zaidi ya dakika 10 lakini pungufu ya 60, anayekamilisha hatua isiyo halali humwongezea mpinzani wake dakika mbili. Akirudia kosa hilo mara ya pili hupoteza mchezo, isipokuwa pale ambapo mpinzani hana kete za kuweza kumfunga mfalme kwa njia yoyote. Simu nayo ni hatari, kwa kuwa mchezaji anayepatikana nayo ukumbini bila idhini anaweza kupoteza mchezo papo hapo.

Yapo mambo ambayo mwamuzi husubiri kuombwa, na yapo ambayo huyaamua mwenyewe. Hali ileile ikijitokeza ubaoni mara tatu, mchezaji anaweza kudai sare. Ikijitokeza mara tano, mchezo umekwisha hata kama hakuna aliyedai. Vivyo hivyo, hatua 50 za kila upande bila kete kuliwa wala kitunda kusogezwa humpa mchezaji haki ya kudai, lakini zikifika 75 sare huwa ni lazima.

Mtihani mgumu zaidi, hata hivyo, hauhusu kete. Aprili 2023, katika mashindano ya Kenya Open jijini Nairobi, mwanamume wa miaka 25 alijiandikisha katika kitengo cha wanawake akiwa amejifunika buibui na uso wote. Waandalizi walitilia shaka viatu vyake, kimya chake na jinsi mtu asiyejulikana alivyowashinda wachezaji wenye nguvu.

Walisita kwanza, wakichelea kumdhalilisha mtu kwa sababu ya vazi la dini yake. Mwishowe walimwita faraghani, akakiri na kueleza kwamba alisukumwa na shida ya fedha. Aliondolewa mashindanoni. Tukio hilo, lililotangazwa kote duniani, lilionyesha kwamba mwamuzi huhitaji macho makali pamoja na adabu: amlinde mchezaji wa haki bila kumwaibisha asiye na kosa.

Nambari na njia yake

Kazi ya tatu huanza ukumbi unapofagiliwa. Mwamuzi hutayarisha ripoti ya kila raundi na kuituma ili matokeo yahesabiwe katika kiwango cha kila mchezaji. Kiwango hicho ni nambari inayotokana na hesabu za Arpad Elo, Mmarekani mzaliwa wa Hungaria, ambazo FIDE ilizikubali mwaka wa 1970. Tangu Machi 2024, kiwango cha chini kabisa ni 1400.

Mchezaji mpya hupata kiwango baada ya kucheza angalau mara tano na watu ambao tayari wana viwango. Michezo hiyo si lazima itokane na mashindano mamoja, bali inaweza kukusanywa katika kipindi kisichozidi miezi 26.

Hapo ndipo penye fundo la Turkana. Vijana 30 wasio na viwango wanaweza kuchezeana wao kwa wao kila wikendi mwaka mzima, wakawa hodari kweli, na bado wasipate nambari hata mmoja. Wanahitaji mwamuzi mwenye leseni, na wanahitaji wageni wachache wenye viwango wa kukaa mbele yao.

Kutoka Nairobi hadi Lodwar ni mwendo wa kilomita zipatazo 700 kwa barabara. Kwa mzazi wa Kanamkemer, nauli ya kumpeleka mtoto mmoja mashindanoni na kumrudisha ni mzigo. Kwa mkimbizi wa Kakuma, kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar, mbali na nauli kuna suala la kibali cha kusafiri nje ya eneo la kambi.

Si kwamba mchezo wenyewe ni mgeni huko. Mwaka wa 2021, FIDE na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) walianzisha mradi wa kuwafundisha sataranji wasichana wa Kakuma. Nao wazee wa Kiturkana, wakiwa wameketi juu ya ekicholong chini ya mti, wamekuwa wakipiga hesabu za mashimo na kete tangu kale. Akili ya mchezo ipo.

Kinachobaki ni njia ya kuipima akili hiyo. Kumsafirisha mwamuzi mmoja na wachezaji wachache wenye viwango hadi Lodwar ni gharama ndogo kuliko kuwasafirisha vijana 30 hadi Nairobi. Nafuu zaidi ni kumfundisha mwalimu wa huko huko awe Mwamuzi wa Taifa, kwa kuwa mwalimu wa Lodwar hatarudi Nairobi Jumapili jioni. Angeweza pia kuzieleza sheria kwa Kiturkana na Kiswahili kabla ya raundi ya kwanza, jambo ambalo lingepunguza mabishano kabla hayajazaliwa.

Hadi hilo litendeke kwa mfululizo, bingwa wa Kanamkemer atabaki bingwa wa wanaomjua. Siku ripoti ya kwanza yenye jina lake itakapotumwa, mgeni yeyote duniani ataweza kulitafuta jina hilo na kuona uwezo wake umeandikwa kwa tarakimu nne.