Begi la Rubani na Mkono wa Fundi

Ndege ya Dash 8-400 ya Air Tanzania ikitua Mpanda, mkoani Katavi, hakuna daraja la kumvusha abiria kutoka mlango wa ndege hadi ukumbini. Mlango wa mbele hushushwa ukawa ngazi, watu wakateremka mmoja mmoja hadi kwenye lami, na mwenye begi la kuburuta ama hulibeba, ama huliacha ligonge ngazi moja baada ya nyingine. Abiria wa kawaida hupita hapo mara chache kwa mwaka. Rubani na wahudumu wa ndege hupanda na kushuka na mabegi yao kila siku ya kazi, leo uwanja huu, kesho ule, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Ndiyo maana begi lao ni kipimo kizuri kwa yeyote anayefikiria kununua begi la magurudumu, hata kama hajawahi kukaa karibu na chumba cha marubani. Kwa mkoa kama Katavi, ninaamini uimara wa begi haupatikani kwenye ugumu wa ganda lake wala kwenye miaka iliyoandikwa katika karatasi ya dhamana. Begi linadumu pale ambapo fundi wa kawaida anaweza kulifungua, akatoa kilichokufa, akaweka kingine na kulifunga tena.

Tuanze na asili ya kitu chenyewe. Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku la magurudumu mwaka 1972, lakini sanduku lake lilivutwa kwa kamba likiwa limelala, nalo liliyumba na kuanguka kwenye kona. Mwaka 1987 rubani wa shirika la Northwest Airlines, Robert Plath, alilisimamisha begi, akalipa magurudumu mawili upande mmoja na mkono mrefu wa kuvutia. Wateja wake wa mwanzo walikuwa marubani na wahudumu wenzake, na abiria walipowaona wakipita viwanjani bila kuinama, nao wakalitaka. Begi tunaloliona leo katika maduka ya Kariakoo limezaliwa kazini, mikononi mwa watu wa ndege. Ila limezaliwa pia juu ya sakafu zilizosuguliwa za viwanja vya Marekani, ambako mtu anaweza kutembea nusu saa asikutane na kokoto. Tangu hapo watengenezaji wameendelea kulipunguza uzito na kulipa magurudumu manne madogo yanayozunguka kila upande, na kila hatua ya namna hiyo imelifunga zaidi kwenye sakafu laini.

Sasa literemshe Mpanda. Kuanzia Mei hadi Oktoba ardhi ni kavu na vumbi hupenya kila mahali. Mvua za Novemba hadi Aprili huligeuza vumbi hilo kuwa tope linalonata. Gurudumu dogo lina udhaifu ambao hakuna fundi wa kuutibu: kadiri kipenyo kinavyopungua ndivyo jiwe dogo linavyokuwa ukuta mbele yake, na nguvu ambayo ingelisukuma begi mbele huishia kuupinda mhimili. Gurudumu la sentimita tano husimama pale ambapo la sentimita nane linapita. Zaidi ya hapo kuna beringi. Vumbi likiingia kwenye beringi isiyofunikwa huchanganyika na grisi, na mchanganyiko huo husaga chuma taratibu mpaka gurudumu likaanza kulia, kisha likagoma kabisa. Mwenye begi huendelea kulivuta likiwa limegoma, na ndani ya muda mfupi upande mmoja wa gurudumu umelika ukawa bapa.

Lipo jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Magurudumu mengi mazuri hutengenezwa kwa poliyurethani, ambayo huvumilia msuguano na haipigi kelele. Lakini baadhi ya aina zake huozeshwa na unyevu na joto hata begi likiwa limehifadhiwa kabatini. Wengi wetu tumewahi kuona viatu vilivyotunzwa kwa ajili ya harusi vikimeguka soli siku ya harusi yenyewe. Ni nyenzo ya ukoo huo huo. Rubani anayeishi Dar es Salaam, penye unyevu wa bahari, na kufanya kazi Mpanda, penye vumbi, anapaswa kukubali tangu siku ya kununua kwamba magurudumu yatakufa kabla ya begi. Akishalikubali hilo, hatauliza tena kama magurudumu ni imara. Atauliza yanatokaje. Mabegi yaliyoundwa kwa ajili ya watu wa ndege, kama ya Luggage Works, hufungwa kwa skrubu na ribiti na sehemu zake huuzwa moja moja. Na magurudumu ya mtindo wa viatu vya kutelezea kwa kawaida huingia beringi namba 608, yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22, ambayo hutumika pia katika vifaa vidogo vingi vya umeme. Begi la kawaida la bei nafuu, kinyume chake, lina gurudumu lililobanwa ndani ya plastiki moja na kitako chake. Likivunjika gurudumu, kitako kizima kimekwenda.

Kanda hii ina mfano wake wa mzigo unaodumu, nao ni tranka la bati. Wanafunzi wa bweni wamesafiri na matranka kwa vizazi, kwenye paa za mabasi na kwenye treni ya tawi la Kaliua hadi Mpanda, reli iliyojengwa ili kufuata madini ya risasi yaliyochimbwa hapa. Bati la tranka si gumu kihivyo. Kofi la nguvu linalibonyeza. Hata hivyo tranka hupita kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake, kwa sababu fundi bati anaweza kulinyoosha kwa nyundo, bawaba hubadilishwa kwa misumari, na kufuli hununuliwa dukani. Hakuna anayedai rubani aingie ndegeni na tranka. Linalostahili kuchukuliwa kutoka kwa tranka ni mpango wa ujenzi: sehemu zinazoonekana, zinazotenganishika, zilizofungwa kwa vitu vinavyopatikana.

Kwa kipimo hicho, begi la kitambaa kizito linalishinda la ganda gumu. Nailoni nene ya uzi wa denia 1,050 au 1,680, ambayo asili yake ni mavazi ya kukinga vipande vya mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hukwaruzika bila kupasuka, na ikipasuka hushoneka. Fundi viatu mwenye sindano nene na uzi uliopakwa nta anaiweza. Zipu nayo mara nyingi haifi meno. Hufa kichwa, na kichwa cha zipu hubadilishwa bila kung'oa zipu nzima. Kwenye ganda gumu, zipu imeshonwa kwenye ukingo wa plastiki ambao cherehani ya kawaida haiutoboi. Mtu atasema kwamba mafundi wetu huziba ndoo na mabeseni yaliyopasuka kwa kuyeyusha plastiki, washindwe nini na begi? Hoja ina uzito, na ustadi huo ni wa kweli. Lakini ndoo ni plastiki laini inayoyeyuka kwa joto la wastani na kushikana na kipande cha aina yake, ilhali ganda la polikaboneti huhitaji joto kubwa zaidi, haliungani na plastiki ya ndoo, na ufa wake huendelea kutembea hata baada ya kuzibwa. Ganda gumu lina sifa yake, maana hulinda vitu vinavyovunjika na hufutika tope kwa kitambaa kimoja. Mhudumu wa ndege hubeba nini cha kuvunjika? Sare, viatu, vipodozi, tochi na fulana yenye rangi ya kung'aa.

Mkono wa kuvutia ndio sehemu inayonipa shaka zaidi, kwa kuwa ndio mgumu kutengeneza popote. Ndani yake mna vitufe, springi na vijiti vyembamba ambavyo havina mbadala dukani. Mkono wa vipande viwili una viungo vichache kuliko wa vipande vitatu, na ulio nje ya begi hufikika bila kupasua bitana. Kuhusu fremu, alumini ni nyepesi lakini kuichomelea kunahitaji mashine na gesi ambavyo karakana nyingi za mtaani hazina. Chuma ni kizito lakini fundi wa mageti anaweza kujaribu, ingawa bomba jembamba linataka mkono mwepesi. Hapa sioni jibu moja kwa wote. Anayebeba begi ngazini mara nyingi kwa siku ana haki ya kuchagua alumini na kuikubali hatari yake.

Wapo wanaosema haya yote ni hesabu mbaya: nunua begi la bei rahisi, likifa nunua jingine. Tupige hesabu kwa mfano wa kubuni. Begi la shilingi 100,000 linalodumu miezi minane kwa kazi ya kila siku litakula shilingi 900,000 kwa miaka sita, kwa sababu yatahitajika tisa. Begi la shilingi 600,000 linalopelekwa kwa fundi kila mwaka kwa shilingi 30,000 litakula 780,000. Tofauti ipo, si kubwa. Lakini chukua begi la shilingi 600,000 lisilotengenezeka, likafa mwaka wa tatu: miaka sita itakuwa imemeza 1,200,000, na mnunuzi wa bei rahisi atakuwa sahihi. Bei kubwa peke yake hainunui uimara. Inaweza hata kuwa hasara kuliko ujanja wa begi la bei rahisi. Kinachoigeuza hesabu ni matengenezo, pamoja na gharama isiyoandikwa popote: begi rahisi halichagui siku ya kuvunjika, na mhudumu anayepaswa kuripoti kazini alfajiri hawezi kusubiri maduka yafunguliwe.

Dhamana ni pingamizi lenye nguvu zaidi. Kampuni ya Briggs & Riley, kwa mfano, huahidi kutengeneza begi lake maisha yote, hata kama limeharibiwa na shirika la ndege. Ni ahadi njema kwa mtu wa Chicago. Kwa mtu wa Mpanda au hata Dar es Salaam, begi lazima lisafirishwe hadi kwenye karakana inayotambuliwa, lilipiwe nauli ya kwenda na kurudi, na mwenyewe atafute jingine la kutumia huku akisubiri. Ninaichukulia dhamana kama ushahidi kwamba mtengenezaji anaamini kazi yake, na pia kwamba begi lake linatengenezeka, jambo linalounga mkono hoja hii badala ya kuipinga. Lakini ukiwa unachagua kati ya dhamana na vipuri vya kuweka kabatini, chukua vipuri: magurudumu mawili, beringi nne, na bisibisi inayoingia kwenye skrubu zake.

Kuna mahali ambapo hoja hii yote lazima inyamaze, napo pako humo humo Katavi. Kusini mwa Mpanda, kupita Sitalike, iko Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974, na wageni wake wengi hufika kwa ndege ndogo kama Cessna Caravan zinazotua kwenye kiwanja cha udongo cha Ikuu. Kampuni zinazorusha ndege hizo kwa kawaida humruhusu mtu kilo 15 katika mkoba laini usio na fremu, maana mzigo huingizwa kwenye sanduku la chini ya tumbo la ndege na lazima ukunjike kufuata nafasi iliyopo, na uzito wote hupigiwa hesabu kabla ya kuruka. Begi la magurudumu la kilo nne na nusu likiwa tupu limekwisha kula theluthi kasoro ya ruhusa hiyo. Rubani wa Caravan naye yumo katika hesabu ile ile. Kwake magurudumu ni uzito wa bure, na mkoba wa turubai ndio begi lake la kudumu. Tena auchague wa kaki, kwa kuwa mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, na mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.

Uzito unapungua kwa njia nyingine pia. Zamani rubani alibeba mkoba wa pili uliojaa ramani na vitabu vya ndege. Shirika la American Airlines lilipohamishia vyote kwenye tableti mwaka 2013, liliondoa mkoba uliofika takriban kilo 16. Pale vitabu vilipoingia kwenye tableti, begi moja jepesi lenye ndoano ya kutundikia mfuko mdogo linatosha. Asikubali tu begi lenye betri iliyojengewa ndani isiyotoka. Tangu Januari 2018 mashirika makubwa ya Marekani yanayakataa mabegi ya aina hiyo, na betri ni sehemu nyingine ambayo fundi wa Mpanda hana cha kuifanyia.

Pingamizi la mwisho ni kwamba watu wa ndege mara nyingi hawachagui wenyewe. Mwajiri hununua kwa wingi, nembo ikashonwa, kila mtu akapewa lake. Hilo linampa mwajiri nafasi ambayo mnunuzi mmoja hana. Anayeagiza mabegi mia mbili anaweza kudai katika zabuni kwamba magurudumu, vichwa vya zipu na mikono ya akiba vije katika kontena lile lile, na kwamba kila kimoja kitoke kwa bisibisi ya kawaida. Muuzaji akishindwa kuonyesha mbele ya meza ya manunuzi jinsi gurudumu linavyotolewa na kurudishwa, apewe zabuni mwingine.