Karafuu Inangoja Wapi?

Ndugu wakulima, kila msimu twasikia malalamiko yale yale: karafuu imechumwa njema, lakini kituoni imeingia daraja la chini. Lawama hutupiwa mvua, au mwenye mizani. Safari hii tuliazimia kuchunguza kwanza. Tulichukua daftari tukaifuata karafuu ya shamba letu moja tangu mtini hata guniani, tukaandika kila kazi, nani aifanyaye, na saa ngapi.

Kazi zenyewe ni tano tu: kuchuma, kupima, kuchambua, kuanika na kutia guniani. Wala hatukuona mvivu. Saa zilipotea baina ya kazi na kazi. Karafuu zilizochumwa saa tatu asubuhi zilikaa pakachani hata magharibi, kwa kuwa pishi ilikuwa moja na mpimaji mmoja, naye huja jioni. Kuchambua kukaanza baada ya Isha, na zilizosalia zikalala zimerundikwa pamoja na makonyo yake. Karafuu mbichi ikirundikwa hupata joto ikavunda. Hata ikikauka huwa nyeupenyeupe, imesinyaa. Jua la kesho haliiponyi.

Hasara hiyo si ndogo. Kilo 3 hivi za mbichi ndizo zitoazo kilo 1 kavu. Kwa hiyo kila kilo kavu inayoharibika, kuna mtu aliyepanda mti mrefu kuchuma kilo tatu za bure.

Basi tukabadili mambo matatu. Kwanza, kupima ni mara mbili, adhuhuri na alasiri, kwa pishi mbili. Pili, wachambuzi huanza mara baada ya kipimo cha adhuhuri, wasingoje za jioni. Tatu, karafuu ya kila siku ina jamvi lake. Kwani jua likiwa kali huhitaji siku 4 au 5, na ya leo ikichanganywa na ya juzi hazikauki sawa. Makonyo huanikwa mbali, nayo yana thamani yake: hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Pemba.

Gharama yetu ilikuwa pishi moja zaidi na majamvi machache. Mvua hatuna amri nayo, lakini hakuna tena karafuu inayolala pakachani.

Nawe mwanachama, kabla ya kumgombeza mchumaji au mchambuzi wako, fuata karafuu yako siku moja ukiwa na daftari. Andika kila mahali inapongoja, kisha uanzie hapo.