Sherehe ya Bulabo huko Bujora: Watoto Wetu Wakatazame Nini?



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, ngoma hulia Bujora na watu huenda kwa makundi kutoka pande zote za Usukuma. Nasi tukaao Igogo, kando ya ziwa, huulizwa na watoto wetu: je, twaweza kwenda? Wazazi wengine hukataa kwa neno moja, kisha wakanyamaza. Wengine hutoa nauli wala wasiulize mtoto atakwenda kuona nini. Katika njia zote mbili mtoto hakufundishwa kitu. Yafaa basi tulieleze jambo lenyewe.

Bujora iko Kisesa, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka mjini Mwanza kwa barabara iendayo Musoma. Hapo pana Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa mwaka 1968 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akisaidiana na Wasukuma wenyewe. Utawala wa watemi ulikuwa umeondolewa na serikali mwaka 1963, na vitu vyao vingi vingeweza kutawanyika na kupotea. Leo ngoma za watemi zimehifadhiwa ndani ya jengo lililofanywa kwa umbo la kiti cha enzi. Ipo nyumba ya Kisukuma ya zamani, ipo nyumba ya mhunzi, na vipo vyombo vya kulimia, kupikia na kuwekea nafaka. Hata hesabu ya moja hadi kumi imewekwa hapo kwa namna mbalimbali, kwa kuwa kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia, ambayo marika mengine hayakuyajua.

Ama sherehe yenyewe huitwa Bulabo, yaani maua. Jina hilo limetokana na sikukuu ya Wakatoliki ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo maua hutumika katika maandamano yake. Ikisha ibada yao, huja mashindano ya ngoma. Wachezaji ni wa vyama viwili vya tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huhama huku na huko. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Wako wachezao na chatu, wakimzungusha shingoni. Iko na ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji hurusha majembe na kuyadaka. Ngoma hii asili yake ni shambani: watu walilima pamoja kwa ujima, nayo ngoma ikawapa mikono yote mwendo mmoja.

Sasa tupambanue, kwani mambo yaliyoko pale ni matatu.

La kwanza ni ibada. Hiyo ni ya wenyewe. Sisi tuna Idi zetu mbili, na jirani ana sikukuu yake. Twamheshimu, twamtakia amani, wala hatumfanyii dhihaka. Lakini katika ibada yake hatuingii.

La pili ni dawa. Mashindano haya tangu kale yamefungamana na dawa za kuvutia watazamaji na kumshinda mpinzani. Hapo mzazi aseme waziwazi bila kuficha: kunufaisha na kudhuru ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Asiyeambiwa hayo na baba yake ataambiwa mengine na watu wa njiani.

La tatu ni kazi, ufundi na historia. Hili ni letu sote. Waislamu wengi wa Igogo ni wajukuu wa Wasukuma hao hao waliolima mtama na kufua majembe. Kusilimu hakumkati mtu na babu yake. Qur'ani yatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame habari za waliotangulia. Na katika Hadithi sahihi imepokewa kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao msikitini kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akamwacha Bibi Aisha atazame nyuma yake mpaka aliporidhika. Kutazama ustadi wa watu, basi, si jambo la kuonewa haya.

Kwa hiyo, ewe mzazi, ukienda, nenda na mtoto wako mwenyewe, usimwache afuate kundi. Ingia naye kwanza katika makumbusho kabla ya uwanja wa ngoma. Mwambie ajaribu kukisia kila chombo kilifanya kazi gani. Mtoto wa mjini ajuaye unga wa dukani tu, atazame jiwe la kusagia, ajue bibi yake aliinama kiasi gani ili watu wale. Sala ikifika, mtafute mahali safi mkasali, na jioni mrejee mapema.

Na usiyetaka kwenda, una haki. Lakini usiwanyime watoto elimu hiyo. Yumkini nyumbani mwako yuko mzee ajuaye hesabu ya rika lake, na majina ya mbegu ambazo leo hazipandwi. Waite watoto wakae mbele yake, mmoja wao aandike. Vitu vya Bujora vimewekewa walinzi na milango. Ayajuayo mzee wako yamo kifuani mwake tu, na siku yake ikifika huondoka nayo.