Je, Wajua? Mkeka wa Bibi Harusi Huanza na Ukili

Ulaya, shangazi huweza kumfumia bibi harusi blanketi la sufu kwa sindano ya kulabu. Kwenye joto la delta ya Rufiji, nani atajifunika sufu? Huku zawadi ya mkono ni mkeka.

Malighafi yake ni ukindu, majani ya mkindu, mtende wa mwitu unaopenda kingo za mito na ardhi yenye majimaji. Hukatwa makuti machanga ambayo hayajachanua, yakaanikwa, kisha yakachanwa. Yatakayotiwa rangi huchemshwa sufuriani. Siku hizi rangi ni ya unga wa dukani. Zamani mizizi ya mmea wa mdaa ndiyo iliyotoa weusi.

Asiyewahi kuuona ukisukwa hudhani mkeka hutoka mzimamzima. Sivyo. Kwanza husukwa ukili, ukanda mwembamba lakini mrefu ajabu, unaoviringishwa kadiri unavyorefuka. Uzuri wa ukili ni kwamba haumfungi mtu mahali: husukwa barazani katikati ya mazungumzo, hata pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Baadaye ndipo kili huunganishwa kwa sindano, ukingo kwa ukingo, na hapo ndipo fundi hujulikana. Maua ya ukili mmoja yasipokutana na ya mwenzake, akina mama wa huku Kibiti watayaona kabla bibi harusi hajakaa.

Mkeka huu usiuchanganye na jamvi. Hilo ni la miyaa, majani ya mkoma. Ni gumu zaidi, la kutandikia wageni kwenye shughuli. Mkeka wa ukindu ndio unaopanda kitandani.