Kusasisha Orodha si Kuleta Shehena: Istilahi za Kusimamia Kihariri cha Matini

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na hivyo ukathibitisha kwamba programu za ofisini zaweza kutumia Kiswahili. Hata hivyo, amri zinazoandikwa ili kuingiza au kuondoa programu zimebaki katika Kiingereza, na mwalimu anayezieleza kwa Kiswahili hana budi kuchagua maneno yake kwa uangalifu. Tutalitazama jambo hili kwa mfano wa programu moja, Vim.

Kihariri. Mhariri ni mtu. Kihariri ni chombo, kama vile mchapishaji alivyo mtu na kichapishi kilivyo chombo. Vim ni kihariri cha matini kilichotolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar, Mholanzi aliyefariki mwaka 2023. Chombo hiki kina uhusiano na nchi za Ziwa: mwaka 1994 mtungaji wake alifanya kazi ya maji na usafi huko Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, na programu yake huwaomba watumiaji wawasaidie watoto wa huko.

Kifurushi na bohari. Katika mifumo ya Debian na Ubuntu, programu hufungwa pamoja na maelezo yake. Hicho ndicho kifurushi. Vifurushi hutunzwa katika bohari, na programu inayovileta, iitwayo apt, ni kisimamizi cha vifurushi. Mtu akiandika «apt install vim», kisimamizi huleta pia vim-common na vim-runtime, maana Vim huvihitaji. Vifurushi hivi aghalabu huitwa vitegemezi. Hapo maana imepinduliwa, kwani tegemezi ni yule anayetegemea. Kinachotegemewa kiitwe kitegemewa.

Kusasisha. Kitenzi hiki kimeundwa kutokana na «sasa», nacho ni kizuri. Tatizo ni kwamba kinatumika kwa kazi mbili. Amri «apt update» hutengeneza upya orodha ya vifurushi vilivyomo boharini, basi. Amri «apt upgrade» ndiyo inayoleta matoleo mapya ya programu zilizokwisha kusakinishwa. Mwanafunzi aliyeambiwa «sasisha» ataandika amri ya kwanza, ataona maandishi mengi yakipita, kisha ataendelea kutumia kihariri cha zamani, pamoja na kasoro za usalama ambazo toleo jipya limekwisha kuziziba, huku akiamini kuwa yu salama.

Msomaji wa Mwanza hahitaji mfano wa mbali. Karani wa bandarini akipokea orodha mpya ya shehena kutoka Bukoba, amejua ni mikungu mingapi ya ndizi iliyopo. Lakini hakuna hata mkungu mmoja ulioteremshwa. Orodha ni jambo moja, shehena ni jambo jingine. Kwa hiyo twapendekeza kitenzi kisiachwe peke yake, bali kitajiwe yambwa yake: kusasisha orodha kwa kazi ya kwanza, na kupandisha toleo kwa kazi ya pili.

Kuondoa na kung'oa. Hapa pia amri ni mbili. «Apt remove» huondoa programu lakini huacha faili za mipangilio ya mfumo. «Apt purge» huondoa na faili hizo, ingawa haigusi zile zilizomo katika makazi ya mtumiaji mwenyewe. Mkulima wa pamba wa Usukuma huijua tofauti hii: kuvuna si kung'oa, na mashina yasipong'olewa na kuchomwa, wadudu husubiri msimu ujao. Neno kung'oa lafaa kwa amri ya pili.

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya:

(a) kitegemewa: kifurushi ambacho kifurushi kingine hukihitaji ili kifanye kazi;
(b) kusasisha orodha: kupata habari mpya za boharini;
(c) kupandisha toleo: kuweka programu mpya mahali pa ile ya zamani;
(d) kuondoa: kutoa programu na kuacha mipangilio;
(e) kung'oa: kutoa programu pamoja na mipangilio yake ya mfumo.

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti tu, bali kwa kitendo kinachofuata baada ya kusikika. Iwapo neno moja linamfanya msikilizaji atende jambo lisilokusudiwa, basi hapana budi maneno yawe mawili. Wasomaji wanaofundisha kazi hii wanakaribishwa kuyajaribu maneno haya darasani na kutoa maoni yao.